Hereni Nilizomvika Mtoto wa Piyaya

Oldeani, Karatu
Mwezi wa nane

Mke wangu Mama Hadija,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na ukungu wa huku mlimani, maana nakuandikia nimevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na bado meno yanagongana. Mguu wako je? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa vitunguu akuletee ilifika, au amejichua nayo mwenyewe? Mtama umeingia ghalani wote? Na yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyovunjika amezaa, au bado anatuhadaa kwa tumbo? Mimi nikisema sijambo nitakuwa nimesema kweli ya mwili tu. Mwili haujambo. Roho ndiyo ina jambo.

Hadija mwanangu, wewe unayemsomea mama yako, soma polepole, na pale nitakapoandika kwamba niliogopa usicheke. Wala usiwasomee wajomba zako sehemu hiyo. Wao wasomee salamu zao tu.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwandikisha mtu. Mwalimu wa ngumbaru aliwahi kusema herufi zangu zinatembea kama ng'ombe waendao maji, moja nyuma ya nyingine na hakuna iliyopotea. Darasa zima la watu wazima hakuna mwingine aliyeambiwa hivyo.

Mama Hadija, nimeingia kwenye mambo. Nikueleze tangu mwanzo ili kesho ukisikia kwa mtu mwingine usiambiwe uongo.

Unajua hapa shuleni wananiita mlinzi, lakini kuanzia huku juu hadi Karatu mjini kila mtu anajua kwamba mimi ni mchoraji. Nani alichora yule tembo wa kwenye ukuta wa kampusaiti pale njia panda? Watalii wanasimama kumpiga picha kabla hawajamwona tembo wa kweli, na dereva mmoja aliniambia wakifika kreta yule wa kweli huwa anawavunja moyo. Basi kabla ya likizo ya mwezi wa sita akaja mpiga picha kutoka mjini, akawapiga picha watoto wa darasa la saba mmoja mmoja mbele ya ukuta wa darasa. Picha zikaenda kusafishwa Arusha, zikarudi. Zilikuwa za kusikitisha. Ukuta wa kijivu, sweta limechakaa, mtoto amekodoa macho kama anaulizwa nani kavunja dirisha. Mwalimu Aikande, yule mama wa Kimachame mwenye darasa la saba, akazitandaza mezani akasema, "Mzee Ntandu, hizi haziwezi kwenda kwa wazazi hivi. Zipambe."

Kupamba picha si kama kupamba kibao cha hoteli. Ukipaka rangi juu ya picha yenyewe umeiua. Lakini mimi nina njia yangu, na hapa wilayani hakuna mwingine anayeijua. Hospitali hutupa zile plastiki za eksrei. Ninaziloweka kwenye dawa ya madoa, ninasugua, mifupa ya mtu inayeyuka yote, inabaki plastiki safi kama maji ya kisima. Ninaikata sawa na picha, ninachora mapambo kwa rangi ya mafuta, ninaacha wazi mahali pa uso, kisha ninailaza juu ya picha na kuigandisha kingo zote. Ukiangalia unaona mtoto amekaa ndani ya bustani, na picha yenyewe haijaguswa. Nilimwambia Mwalimu Aikande, "Gundi yangu haitoki hata zirudi zile mvua za elinino." Kumbuka neno hilo, litanirudia.

Mwalimu alitaka maua na nyota. "Maua na nyota, Mzee, kwa wote, basi." Nikamwambia, "Maua pande zote kama kaburi la mzungu? Niachie mimi. Kila mtoto nitampa chake." Akasema hana nguvu ya kubishana na mimi asubuhi. Hakuna mwenye nguvu hiyo hata jioni, wewe unajua.

Na kweli nilifanya kazi. Mtoto wa vibarua wa kahawa nilimzungushia matawi yenye punje nyekundu, mpaka baba yake akauliza kama zimeshaiva za kuchuma. Mtoto wa muuza duka wa Kichaga nilimpa mgomba kila upande. Mtoto wa dereva wa watalii nilimwekea twiga wakipishana shingo juu ya kichwa chake. Wazazi walipokuja kuzichukua, mama mmoja kutoka Mbulu alilia. Mwalimu Aikande hakutaja maua tena. Nikawa natembea uwanjani kama aliyejenga shule.

Akabaki Nashipai. Nashipai ni binti wa Kimasai kutoka Piyaya. Huko ni ng'ambo ya Ngorongoro, unaizunguka kreta, unashuka kwenye nyika ya majani mpaka unaona kama nchi imeisha, kisha unaendelea. Analala bwenini kwa sababu kwao ni mbali. Mtoto mrefu, mpole, hesabu anazitafuna kama karanga. Mwalimu anasema kama mwaka huu kuna wa kwenda sekondari kutoka shule yetu, basi ni yeye.

Nikajiuliza, Mmasai nitampa nini? Nikajijibu, shanga, na shanga nazijua. Pale duka la vinyago mjini wanauza kadi za watalii, na kwenye kadi moja yuko mwanamke wa Kimasai mzuri ajabu, nimemchora kwenye vibao mpaka nafahamu kope zake. Nikamvua yule mwanamke vitu vyake vyote nikamvika Nashipai. Ushanga mrefu wa buluu ukishuka kifuani mpaka nje ya picha. Na masikioni zile hereni za shaba zilizosokotwa kama konokono, na minyororo inaning'inia. Nilizipima kwa unyasi ili plastiki ikilala hereni ziangukie kwenye ndewe za masikio yake hasa, si pembeni. Na kwa ujanja wangu nikatia tone la gundi chini ya kila hereni zisihame.

Nilipomwonyesha aliangalia sana. Akasema kwa sauti ndogo, "Babu, hizi anavaa yeyo."

Yeyo ni mama kwao. Nikamwambia, "Vizuri! Mama yako atafurahi mkifanana." Akainamisha kichwa. Mtoto wa Kimasai habishani na mzee, na mimi nikauchukua ukimya wake kuwa ni shukrani. Mjomba wake alikuwa anapita na lori la mahindi kwenda upande huo, akaichukua picha, ikaenda, na mtoto akabaki bwenini likizo yote kujiandaa na mtihani.

Likizo ikaisha, shule ikafunguliwa, mimi nikasahau. Siku moja akaja Saruni, mlinzi wa shamba la kahawa la jirani, naye Mmasai, rafiki yangu wa kugawana ugoro. Alikuwa anacheka tangu getini. Alicheka mpaka akashika mti. Halafu nikaona kicheko kinakatika katikati, kama kamba.

"Mzee Ntandu, umemwoza mtoto wa mtu."

"Nimemwoza nani? Mimi nimechora."

"Zile hereni msichana havai. Ni za mke. Akionekana nazo, maana yake yuko kwa mume. Na ule ushanga mrefu ni hivyohivyo. Picha imefika Piyaya, imepita boma kwa boma, watu wanauliza: huyu binti wa Sendeu kaolewa lini, na nani huko Karatu, na ng'ombe wameingia zizi gani?"

Nikamwambia mwanamke wa kwenye kadi alikuwa kijana kabisa. Saruni akasema, "Kijana, ndiyo. Mke kijana."

 Saruni hakuishia hapo. Kumbe kuna mzee mmoja tajiri wa mifugo, upande wa Loliondo, alishamwomba Nashipai kwa baba yake. Na huyo baba, Mzee Sendeu, alimkatalia mbele ya wazee wote, akasema binti yangu ni mtoto, yuko shule, hakuna mume mpaka amalize. Alichukiwa kwa neno hilo lakini alilishikilia. Sasa tajiri ameishika picha mkononi mbele ya wazee walewale akasema, "Kumbe shule ni jina la mwanamume."

"Sendeu anakuja siku ya mnada," Saruni akasema. "Anakuja kumchukua binti. Na amesema anataka kumwona aliyemvika."

Aliyemvika ni mimi, Mama Hadija.

Nilikwenda kwa Mwalimu Aikande nikamweleza. Aliweka kalamu chini. "Nilisema maua," akasema. "Nilisema maua, Mzee Ntandu! Maua hayajawahi kumwoza mtu!" Kisha akaigeukia kalenda ya ukutani. Akasema, "Mtihani ni mwezi ujao. Msichana akichukuliwa kabla ya mtihani harudi. Nimeshaona. Harudi hata kuchukua madaftari."

Hadija, hapa ndipo nilipokuambia usicheke.

Tangu siku ile kila kitu chekundu kilikuwa kinanitoa roho. Ukungu wa huku asubuhi huwezi kuona ng'ombe mpaka akukanyage, na ndani yake zinatokea lubega nyekundu za Wamasai, watu wa watu wanaopita njia yao kwenda mjini, na mimi najibana nyuma ya tangi la maji. Kengele ya shule ikigongwa naruka. Mtu akiniita "Mzee!" kwa nyuma, najifanya nafunga kamba ya kiatu. Mimi! Mama Hadija, mimi niliyemtoa fisi kwenye zizi la baba yako kwa mpini wa jembe, na wewe ulikuwa shahidi! Nikiwaza rungu la Kimasai nilikuwa naona mahali litakapotua, hapa juu ya sikio, napaona kabisa kama pamewekewa alama kwa chaki.

 Mama Paulina, mpishi wa shule, mama wa Kiiraki wa hukuhuku Karatu mwenye ulimi kama upupu, alinikuta nimekaa nyuma ya kuni za jikoni. "Haa! Aliyeua fisi Singida leo anajificha nyuma ya kuni zangu? Toka nipike, Mzee, au nikukoleze motoni?"

"Naangalia kama zimekauka," nikasema.

"Zimekauka kuliko koo lako."

Nikaamua nikimbie. Naandika bila aibu kwa sababu ni wewe. Nilijua lori la ngano litashuka, nikafunga begi langu, rangi zangu na brashi zangu, nikapita nyuma ya bweni la wasichana ili nisionekane. Mlango wa bweni ulikuwa wazi. Nikamwona Nashipai amepiga magoti mbele ya sanduku lake la bati. Amekunja sweta la shule, amekunja sketi, ameweka madaftari juu, anayapanga sawasawa kama mtu anayelaza mtoto. Halii. Aliposikia mguu wangu akageuka, akaliona begi langu mkononi. Akaniangalia mimi, akaliangalia begi.

"Shikamoo, babu," akasema. "Na wewe unaondoka?"

Mama Hadija, ningekuwa na mahali pa kutumbukia ningetumbukia. Yule mtoto amefunga sanduku kwa ajili ya mkono wangu, na mimi nafunga begi nimwache abebe sanduku lake peke yake. Nikamwambia, "Siondoki. Nalipeleka begi kuanikwa jua." Jua lenyewe hatujaliona wiki nzima. Nikarudi, nikafungua begi. Lakini usifikiri woga uliisha. Woga ulibaki palepale, ila mimi nao tukabaki pamoja.

Siku ya mnada ikafika, naye akafika. Alitokea kwenye ukungu bila kishindo, mwembamba, mrefu, viatu vya tairi, blanketi la mistari mabegani, fimbo nyembamba mkononi. Nyuma yake wazee wengine, na Saruni pembeni, macho chini. Tulikuwa mbele ya jiko, Mwalimu Aikande, Mama Paulina na mimi. Wanafunzi walikuwa madirishani kama njiwa.

Nashipai akatoka darasani akaenda mbele ya baba yake akainamisha kichwa. Kwao mtoto hasalimii kwa mdomo. Anainamisha kichwa, na mkubwa anamwekea mkono utosini, basi salamu imekamilika. Akainama, akangoja. Mzee Sendeu hakuweka mkono. Akamwacha ameinama vilevile. Wale wazee wakatazama pembeni. Hata Mama Paulina alishusha mwiko. Na yule mtoto hakunyanyua kichwa, akakaa hivyo shingo nje, ukungu unamlowesha.

"Nani amevika mtoto wangu?" akauliza kwa Kiswahili.

Nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Mama Paulina akasema, "Si ndiye huyu hapa! Leo ndiyo mara ya kwanza namwona amekosa maneno."

Mzee Sendeu akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. Sikuona hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Niliona mtu aliyechoka. Akaingiza mkono ndani ya blanketi akatoa picha imeviringishwa kwenye nailoni.

"Mimi nimesema mbele ya wazee, huyu ni mtoto. Wewe umeandika hapa, huyu ni mke. Nani kati yetu ni mwongo?"

Nikajikaza. "Mzee, ni mapambo tu."

"Kwako mapambo. Kwetu ni neno."

Mwalimu Aikande akaingia kati. "Mzee Sendeu, tutapiga nyingine, nzuri, bila kitu."

"Nyingine watasema ni mtoto mwingine. Watu wameona hii. Nataka hii, bila hizi." Akazigusa hereni kwa ncha ya kidole, kisha akanipa picha. "Ulimvika wewe. Mvue wewe."

"Na uso ukiharibika?" Mwalimu akauliza, na nilitamani angenyamaza.

"Uso ukiharibika sina cha kuwaonyesha. Itabidi nimwonyeshe yeye mwenyewe. Namchukua leo." Akaelekeza fimbo bwenini. "Sanduku nimeambiwa tayari limefungwa."

Ndipo nikakumbuka gundi yangu. Mwalimu Aikande naye akaikumbuka, nilimwona. Haitoki hata kwa elinino. Na nikakumbuka lile tone chini ya kila hereni, mle kwenye masikio ya mtoto, kwenye uso wenyewe. Kingo ningeweza kuzikata kwa wembe. Lakini hizo ndewe? Mama Hadija, miguu ilitaka kwenda peke yake.

Nikamwomba Mama Paulina birika linalochemka. Hakunitania. Alilileta mwenyewe, akalishika mdomo uelekee kwangu. Nikaishika picha juu ya mvuke, kwa mbali, nikisogeza, nikisogeza, maana mvuke mwingi unaikunja picha, na mdogo haulegezi gundi. Nikapitisha wembe kwenye kingo. Upande wa juu ukatoka. Pembeni ukatoka. Chini, penye bega, ukang'oka na kipande cha sweta, pakabaki peupe kama kucha. Nikasikia mtu anavuta pumzi nyuma yangu. 

Sikio la kushoto likaachia. La kulia likagoma. Nikirudisha kwenye mvuke, shavu lote litakunjika. Nikivuta, linatoka na shavu. Nikafanya kitu ambacho sikukisoma popote, nikapeleka mdomo karibu nikaipulizia pumzi yangu ya joto, taratibu, kama unavyompulizia kifaranga kilichonyeshewa. Napuliza, nainua kidogo. Napuliza, nainua. Jasho linaniingia machoni na huku ni baridi. Naona uzi wa gundi unanyooka, mwembamba kama unywele, unavuta ngozi ya picha, unavuta. Nikasema moyoni, Mola wangu, kama ni kiburi kimeniletea haya nichukulie kiburi, niachie sikio.

Ukakatika. Plastiki ikabaki mkononi mwangu na hereni zake na shanga zake. Na picha ikabaki na mtoto, sweta lake, ukuta wake wa kijivu, macho yameduwaa vilevile. Ile picha mbaya niliyoidharau. Sijawahi kuona picha nzuri kama ile.

Mzee Sendeu aliichukua akaigeuza kwenye mwanga. Akaangalia sikio, akaangalia shavu. Kisha akamwendea binti yake, aliyekuwa bado ameinama muda wote ule, akamwekea mkono utosini. Aliuweka na akauacha hapo. Mwalimu Aikande akageuka ukutani akajifanya anapenga kamasi.

Nikafikiri yamekwisha. Nikaanza hata kunyoosha kifua, nikasema, "Mwaona, fundi ni fundi." Mzee Sendeu akanigeukia.

"Wewe una mke?"

"Ninaye. Yuko Singida."

"Anavaa nini, watu wajue ana mtu?"

"Hana haja. Kijiji kizima kinanijua mimi."

"Hujaenda tangu lini?"

Mama Hadija, jibu la hilo unalo wewe. Hakuna aliyecheka, hata Mama Paulina, na afadhali wangecheka. Nilikuwa nimeshika ile plastiki, sijui pa kuiweka. Nikasogea kwenye moto niitupe, akanizuia kwa fimbo. "Hiyo usitupe. Vitu vya mke havitupwi. Mpelekee mke."

Kisha akasema lile linalonifanya niandike barua hii. "Kesho unapanda na mimi kwenda Piyaya. Nikirudi na picha peke yake watasema Sendeu ameifuta mwenyewe. Mdomo wa aliyekosea ndio useme. Utasimama mbele ya wazee, na yule wa Loliondo atakuwepo. Wakikuamini, mtoto anabaki hapa afanye mtihani. Wakikataa, mimi ni mmoja, wao ni wengi."

Basi kesho ndiyo safari. Naogopa ile barabara ya juu ya kreta, wanasema ukiangalia chini mara moja utumbo unabaki huko. Naogopa wanyama, na usiniambie habari za fisi, fisi mmoja si nyika nzima. Naogopa wazee wasiojua jina langu na hawajamwona tembo wangu. Lakini naogopa zaidi kinywa changu mwenyewe. Nitatakiwa kusema neno moja, kwamba sikujua. Na wewe ni shahidi, tangu unioe sijalitamka mbele ya watu. Nasema unioe, maana mama yako husema ni wewe uliyenioa mimi, na leo sibishi.

Nimekuwa nikilifanyia mazoezi jikoni. Mama Paulina anakoroga ugali, ananiambia, "Sema, Mzee." Nasema, "Sikujua, ingawa kwa kawaida mimi..." Ananikatiza, "Bado haijaiva. Sema tena."

Jioni Nashipai akaja. Ameshalifungua sanduku, sweta amelivaa. Akanifundisha neno kwa Kimasai, mayiolo, ndiyo kusema 'sijui'. "Useme hivyo babu, kwa sauti, halafu unyamaze," akasema. "Tafadhali, babu. Usiongeze." Kisha akainamisha kichwa mbele yangu, na mimi nikauweka mkono wangu huu utosini kwake, nikauacha hapo kama alivyofanya baba yake.

Ndani ya bahasha hii utaikuta ile plastiki. Usiishangae, na usimwonyeshe mtu anayependa kuuliza maswali. Ilaze juu ya picha yako, ile ya ukutani uliyopiga na kitenge cha njano. Mtu akiingia ndani aone kwamba una mtu. Hereni hazitaangukia masikioni mwako, zitakaa chini kidogo, kwa sababu nilizipima kwa mtoto. Usizirekebishe. Ziache zikae vibaya hivyohivyo mpaka nije nikupimie zako mwenyewe. Mtihani ukipita, Nashipai akiwa ameufanya, nakuja. Asipoufanya sijui nitakuja na uso gani.

Nisalimie mama mkwe, mwambie kikohozi chake kisizuie ukali wake. Nisalimie shemeji Athumani, mlezi wa ng'ombe wetu, na mkewe aliyetushonea mto. Nisalimie imamu wetu mzee, aniombee dua ya safari bila kutaja sababu. Nisalimie dada yangu mkubwa Mwanaidi, umwambie bado namhesabu kuwa mama. Hadija, wewe umesoma vizuri, nakuona, na kama ulicheka pale kwenye kuni nimesamehe.

Lori linaondoka ukungu ukianza kupanda. Ninarudia neno langu na ninaacha kuongeza.

Mimi mumeo, ambaye kijiji kizima kinamjua,

Salimu Ntandu